Fuvu la Mezani

Mei 4

Nimefika Nkwaabeng mchana huu, nimelowa hadi soksi. Mwenye nyumba ni Maa Pokuaa, mama anayeuza wali wa kunde asubuhi na maji baridi ya vipakiti siku nzima. Friza lake limekaa barazani likinguruma. Kabla sijashusha begi, kima mmoja aliingia jikoni, akachukua kipande cha kiazi kikuu na kutoka nacho bila haraka. Nikanyakua ufagio. Maa Pokuaa akanikamata mkono.

"Weka chini huo. Yule ni mtu wa hapa. Mgeni ni wewe."

Basi nimeshajua nafasi yangu.

Kima wa majikoni si kazi yangu. Nimekuja kuhesabu mbega, wale weusi wenye mapaja meupe, wanaokaa juu kabisa katika msitu ulio nyuma ya makaburi. Wiki tisa, kila asubuhi, njia ileile. Daktari Amponsem, msimamizi wangu, amesema bila kuficha: idara ina nafasi moja ya msaidizi wa utafiti, na tunaoigombea ni wawili, mimi na Oduro, ambaye yuko kwenye msitu wa kusini. Anataka takwimu safi, na pia fuvu zima la mbega dume aliyekomaa, maana idara haina. Lililopo ni la jike na jino lake moja limevunjika. Daktari hulitumia kukandamiza karatasi za mahudhurio zisipeperushwe na feni. Miaka minne nimeandika jina langu huku likinitazama.

Darasa lililotutangulia lilikuwa na watu thelathini na mmoja. Waliopata kazi ya wanyamapori ni wanne. Wengine wanauza bima, wengine wanafundisha hesabu, na mmoja anaendesha teksi na kuwatajia abiria majina ya ndege kwa Kilatini hata kama hawajauliza.

Baba alitaka nisome uuguzi. "Wenzako wanasomea watu, wewe unasomea nyani," aliniambia kituoni. "Ukipata kazi, nipigie." Sikupata hata kwaheri.

Mei 5

Mwongozaji wangu anaitwa Gyabaah. Ni mtu wa makamo, shati lake la kaki lina vifungo vya rangi tatu, na jioni hutengeneza simu chini ya mwavuli sokoni. Tumesimama chini ya kundi la makaburini. Nimehesabu kumi na sita. Yeye, bila darubini, kasema ishirini na watatu. Tumezunguka saa nzima, wakawa ishirini na watatu.

Nikamwuliza anahesabuje.

"Wewe unahesabu mbega," akasema. "Mimi naangalia nani hayupo."

Wakati wa kurudi akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba na yeye alisoma chuo chetu, idara yetu, na amemaliza miaka kumi na miwili iliyopita. Mwanzoni sikumwamini. Nilipomwamini ikawa mbaya zaidi. Nilijiona mimi hapo chini ya mwavuli, na bisibisi mkononi.

Mei 8

Mvua. Kumi na tisa. Kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki.

Mei 9

Mvua. Ishirini na mmoja. Kenkey, samaki yuleyule.

Mei 13

Gyabaah amenipeleka kwenye makaburi ya nyani. Kumbe yapo kweli, vituta vidogo na vibao vilivyoandikwa kwa rangi: kima, jike, tarehe, mbega, dume, tarehe. Akanieleza utaratibu wa kijiji. Anayemkuta nyani amekufa ndiye mfiwa wake. Anamfunika kwa majani, anakaa naye hapo hapo mpaka mtu apite, na habari inapelekwa kwa Nana Abrafi, mtunza madhabahu ya kijiji. Mfiwa anamwosha marehemu, anamzika, kisha anakaa matanga siku nzima, na kijiji kizima kinapita kumpa mkono wa pole.

"Hata akiwa mgeni?"

"Maiti haiulizi unatoka wapi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaandika daftarini: *maiti zote huzikwa, fuvu litapatikana kwa shida*. Nimeisoma tena sasa hivi sentensi hiyo, na nimeiacha.

Mei 20

Nimeshaanza kuwatofautisha. Kuna dume mkubwa asiye na ncha ya mkia. Gyabaah anamwita Diwani.

"Kwa nini Diwani?"

"Anakaa juu, anakula, na kelele zikianza chini anageukia upande mwingine."

Ni mara ya kwanza kucheka kutoka moyoni tangu nifike. Kisha nikakumbuka kwamba huyu ni mtu aliyeshindwa, na kicheko kikakatika. Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Ndivyo nilivyohisi.

Mei 27

Oduro ametuma picha. Kapata fuvu la dume kutoka kwa wawindaji wa huko. Lina tundu la risasi, lakini Daktari amemwambia litafaa kama halitapatikana jingine zima. Mwisho ni Ijumaa ya Juni 19. Nimemjibu, "Hongera." Kisha nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Juni 3

Wanawake wa kisimani wananiita Daktari wa Nyani. Wananisalimia vizuri, tena kwa mzaha, lakini kwa mbali. Hapa watu hushikana mikono kwa kila jambo, hata mtu akienda dukani akarudi. Mimi wananipungia tu. Maa Pokuaa anasema si chuki. "Wenye madaftari huja, huandika, huondoka. Umshike mkono wa nini mtu ambaye tayari anaondoka?"

Nimepiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Mara ya mwisho mtu kunigusa ilikuwa Mei 4, nilipozuiwa ufagio. Leo ni siku ya thelathini. Ngozi yangu inajua tofauti. Nilikuwa sijui kwamba upweke unaweza kukaa mikononi.

Juni 7

Mvua. Ishirini na watatu. Diwani yupo, anakohoa.

Juni 10

Naandika mlango ukiwa umefungwa.

Asubuhi Gyabaah alikwenda mjini Techiman kununua vioo vya simu, nikaingia msituni peke yangu. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Karibu na mti wa nne wenye alama katika njia yangu nilimkuta Diwani amelala chali kwenye matope, macho wazi, mvua imejaa ndani ya kiganja chake kimoja. Hana jeraha. Ni uzee, au kile kikohozi. Juu mbega wengine walikuwa wametulia kabisa, wote wakitazama chini. Sijawahi kuwaona wametulia hivyo.

Nilijua la kufanya. Nilikata matawi mawili, nikamfunika. Nilikaa. Nasema kweli, nilikaa, labda dakika kumi, nikisubiri mtu apite. Hakupita mtu. Nikamtazama meno, yote mazima. Fuvu lilikuwa hapo, zima, la dume, la bure. Niliwaza nafasi moja na watu wawili. Niliwaza tundu la risasi la Oduro. Nikamwona Baba amekaa na simu mezani, simu haiiti.

Nilivua koti la mvua nikamfungia ndani. Mzito kuliko nilivyodhani. Maa Pokuaa alikuwa sokoni. Nimemtia katika mifuko mitatu myeusi, nikamlaza chini kabisa ya friza, nikampangia vipakiti vya maji juu yake. Keshokutwa Maa anakwenda kwa dada yake. Nitapata siku nzima ya sufuria na moto.

Tangu hapo nimenawa mikono mara sita.

Juni 11

Ishirini na wawili. Gyabaah alisimama muda mrefu, shingo juu.

"Diwani simwoni."

"Labda amehamia kundi la mtoni."

Aliniangalia, kisha akaangalia koti langu. "Kweli," akasema. "Labda."

Mvua kubwa mchana. Saa tisa umeme umekatika. Friza limenyamaza.

Juni 12

Umeme bado. Nguzo imeanguka njiani. Maa Pokuaa ameahirisha safari, hawezi kuacha maji yake. Nimemshauri asilifungue friza ovyo ili baridi isitoke. Amenishukuru. Amesema elimu ni kitu kizuri.

Juni 13

Umeme bado.

Juni 14

Umeme bado. Kundi halijatoka kwenye mti wa nne tangu Jumatano. Ishirini na wawili. Gyabaah haulizi tena, na hilo ndilo linalonitesa. Angeuliza ningedanganya. Anatembea mbele yangu, ananishikia matawi yasinipige usoni.

Juni 15

Saa mbili asubuhi Maa Pokuaa aliamua kuyatoa maji yote ayauze hivyo hivyo yakiwa vuguvugu. Nilikuwa chumbani. Nikasikia vipakiti vikitua kwenye beseni, kimoja kimoja, kisha vikaacha kutua.

"Ameyaa."

"Naam, Maa."

"Njoo uniambie hiki ni nini. Nyama yangu mimi naijua."

Harufu ilinifikia kabla sijafika. Alikuwa ameufungua mfuko wa juu tu, na mkono mweusi ulikuwa umetokeza. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi sakafuni, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaufunika nacho ule mkono.

"Siku tano," akasema. "Siku tano nimewauzia watu maji yaliyolalia maiti. Na wewe unaniambia nisifungue friza."

"Nisamehe, Maa."

"Usiniambie mimi. Mchukue. Mbebe mbele za watu, si kwa kujificha kama ulivyomleta."

Nikambeba. Njia nzima watu walikuwa wanasimama. Wanaume walivua kofia, na ilikuwa kwa ajili yake, si yangu.

Nana Abrafi ni fundi cherehani. Tulimkuta anashona sare za shule, pini mdomoni, redio ikitangaza mpira. Alizima redio na kutema pini.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, Nana."

"Lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumatatu." Akanitazama vizuri. "Kwa hiyo umefiwa tangu Jumatano na hukumwambia mtu. Msiba wa siku tano, peke yako, chumbani kwa Pokuaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyajibu, mdomo ninao. Hayakuja. Nililia pale mbele ya cherehani mpaka kamasi zikanitoka, na akanipa kipande cha kitambaa cha sare nijipangusie.

"Utapita mlango kwa mlango kuwaomba radhi walionunua maji. Kila mlango. Kisha utamwosha. Kesho tunazika."

Nimepita milango arobaini na saba. Wengine walinifokea. Mzee mmoja alisema ndiyo maana maji yale yalikuwa matamu, mkewe akampiga na mwiko.

Alasiri nikaingizwa na marehemu kwenye kibanda cha kuoshea, maji ya moto, sabuni, bafta nyeupe. Mfiwa huosha peke yake, huo ndio utaratibu. Begi langu lilikuwa begani, na ndani yake kisu cha maabara. Simu ikatetemeka, Daktari: *Fuvu vipi? Ijumaa nafunga orodha.*

Gyabaah alikuwa amekaa nje kwenye kigogo, amenipa mgongo.

"Unajua kilichomo kwenye begi langu," nikamwambia.

"Najua. Alhamisi niliona manyoya kwenye koti."

"Mbona hukusema?"

"Si mimi niliyemkuta." Hakugeuka. "Sanda ikishafungwa hakuna atakayeifungua, dada. Ukitaka kichwa, chukua. Mimi sitasema. Ila nikuulize kitu kwanza. Lile fuvu la mezani kwa Amponsem, bado lipo?"

Sikuelewa. "Lipo."

"La jike. Jino la kushoto, la juu, limevunjika."

Maji yalikuwa yanapoa. Nikakaa chini.

"Nililivunja mimi kwa kijiko, nikilichemsha nyuma ya shule," akasema. "Alikuwa jike wa kundi hili hili. Nilimkuta kama ulivyomkuta wako. Mwili nikaufukia na takataka. Nilipata alama za juu kuliko wote, na ahadi ya kazi. Miaka mitatu nilizunguka Accra na bahasha ya kaki, kila ofisi inanituma nyingine. Nikarudi hapa, nikamwambia Nana. Akasema haziki hewa, nilete cha kuzika. Nikaenda chuoni. Amponsem alinipokea vizuri tu, akanikaribisha kiti. Nikaliona fuvu, karatasi chini yake, feni inazunguka. Nikasalimia, nikaulizia familia, nikaondoka. Sikuweza kuomba."

"Ndiyo maana umebaki?"

"Mfiwa asiyekaa matanga anaenda wapi?"

Kwa wiki sita nilimdhania mtu aliyekosa kazi. Kumbe alikuwa mtu aliyefiwa na hajapewa pole na yeyote kwa miaka kumi na miwili.

Nimemwosha Diwani wote. Kichwa nilikiacha mwisho. Nimempangusa matope kwenye meno, moja moja, yote mazima, kisha nikafunga bafta.

Juni 16

Tumezika asubuhi, mvua nyepesi. Nana Abrafi alimimina kinywaji ardhini na kumwambia Diwani aende salama, na kwamba aliyemchelewesha ni mtoto, amsamehe. Kisha nikawekwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nimevaa nguo nyeusi ya kuazima ya Maa Pokuaa, na watu wakaanza kupita.

Mikono ya wakulima, migumu. Mikono yenye mafuta ya kukaangia. Mwanamke wa kisimani aliyeniita Daktari wa Nyani aliushika wangu kwa miwili yake. "Pole kwa kufiwa," kila mmoja. Walionifokea jana nao wakapita, pole, pole kwa kufiwa. Nilihesabu, siwezi kuacha kuhesabu. Mia moja na arobaini na sita. Nilipofika themanini nilianza kulia, na sikujua namlilia nani kati yetu.

Gyabaah alipita wa mwisho. Alinipa mkono, akasimama pembeni ya kiti mpaka jioni.

Juni 17

Nimemwandikia Daktari: *Fuvu hakuna. Dume alikufa, amezikwa.* Amejibu: *Sawa.*

Umeme umerudi.

Juni 20

Nafasi kapewa Oduro. Nimesoma ujumbe mara moja nikaenda kuhesabu. Ishirini na wawili. Wametoka kwenye mti wa nne.

Juni 21

Inauma. Nilifikiri nikifanya jambo sahihi haitauma.

Julai 4

Hesabu ya mwisho. Ishirini na watatu: jike mmoja kazaa, mtoto mweupe pepepe. Gyabaah amemwona kabla yangu. Nilimwambia ninarudi chuoni kukabidhi ripoti. Akaniambia nisalimie. Hakusema nimsalimie nani.

Julai 6

Ofisini kwa Daktari Amponsem. Kasifu takwimu. Kasema ni bahati mbaya, na kwamba atanikumbuka nafasi nyingine ikitokea. Kasema kwa wema, na nadhani hata Gyabaah aliambiwa kwa wema uleule. Feni ilikuwa inazunguka.

"Daktari, naomba hilo."

"Lipi?"

"Hilo fuvu."

"Hili? Hili lina jino bovu. La nini?"

"Lina wenyewe."

Alinitazama kama mtu anayetafuta swali la kuuliza. Kisha akaliinua, akanipa. Karatasi zikaanza kuruka. Akaziwekea kikombe chake cha chai, zikatulia. Nilisimama pale nikikitazama kikombe. Kilitosha kabisa.

Julai 7

Nimempigia Baba. Nimemwambia sikupata kazi. Kisha akauliza kama nimekula.

Julai 11

Nkwaabeng. Mvua inaisha, njia imeanza kukauka. Nimelileta nimelifunga kwenye bafta, mapajani, safari nzima. Maa Pokuaa alinipokea na kipakiti cha maji. "Kunywa. Haya hayajalaliwa na mtu."

Gyabaah alikuwa kwenye mwavuli wake, kashika simu ya mtu iliyofunguliwa tumbo. Nilimwekea kifurushi mezani. Hakukifungua. Alipitisha kidole juu ya kitambaa mpaka kwenye taya, upande wa kushoto, akakiacha hapo. Kisha akazifunga bisibisi zake, moja moja, akaniomba nimsindikize kwa Nana.

Tumezika saa tisa alasiri. Kibao alikiandika mwenyewe: mbega, jike, na tarehe ya miaka kumi na miwili iliyopita. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, nguo nyeusi ikimbana mabegani, mikono juu ya magoti, hajui pa kuiweka.

Nilipanga foleni kama watu wengine. Leo sikuhesabu. Nilipofika mbele yake nilimpa mkono.

"Pole kwa kufiwa, kaka."

"Asante, dada," akasema. Aliushika na hakuuachia haraka. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na watu wakatusubiri.